Nimejifunza Kifaransa kwa gemu hapa Mpondwe, ila aliyenipita ni yule aliyekuwa anasubiri zamu

Mleta uzi (Bwera, Kasese)

Habari za jioni wadau, poleni na majukumu. Mimi ni msomaji tu humu, kuandika huwa siandiki, ila juzi kuna ndugu aliuliza mtu afanyeje ajue lugha ya kigeni na hana hela ya ada, majibu yote yakawa nenda darasani nenda darasani. Sasa mi darasani sijaenda na leo karatasi ya Kifaransa naisoma mwenyewe, nikaona nielezee vizuri maana kuna kitu nilikikosea miezi mingi na sitaki mtu mwingine akikosee.

Niko Bwera, kazi yangu ni makaratasi ya forodha hapo mpakani Mpondwe, upande wa Uganda. Ukivuka daraja uko Kasindi, Congo. Kuongea hakuna shida kabisa, Wakonzo wa huku na Wanande wa kule wanasikilizana, na Kiswahili kipo, mimi nimekulia kambini mzee alikuwa mwanajeshi kwa hiyo Kiswahili ndo cha nyumbani. Shida ilikuwa karatasi. Karatasi za kule ni Kifaransa tupu, "facture" (ankara), "poids brut" (uzito wote), "poids net" (uzito wa mzigo wenyewe), na mimi Kifaransa sikuwahi kukigusa shuleni. Kila siku nilikuwa nampelekea jamaa fulani anisomee na kila karatasi namwachia kitu kidogo, na kuna siku alinisomea vibaya uzito mzima wa lori tukalala pale mpakani na mzigo.

Sasa mwaka 2020 shule zikafungwa, mnakumbuka, Machi 2020 mpaka Januari 2022 ndo zikafunguka kabisa. Mdogo wangu alikuwa S2 (sekondari mwaka wa pili), akaja kukaa kwangu. Kafyu ikifika watu wote ndani. Nikanunua PS3 (PlayStation, mashine ya gemu) iliyotumika kwa kijana mmoja anayeleta vitu kutoka Butembo, na sidii mbili, moja ya mpira nyingine ya hadithi. Kuiwasha tu, kila kitu Kifaransa. Mdogo wangu akasema tubadilishe iwe Kiingereza, nikamwambia hapana, iache hivyo hivyo.

Wiki ya kwanza ni mateso, sitawadanganya. Lakini gemu ina kitu ambacho kitabu hakina, neno halikuachii upite. Ukikosea unaadhibiwa hapo hapo. Kwenye ile ya mpira kuna sehemu unaongoza timu misimu mingi, unanunua wachezaji, unapokea barua za bodi. Mi nilishajua "prêt" maana yake ni tayari, si ndo inaandika mkiwa mko tayari kuanza mechi. Siku moja nikaona "prêt" kwenye jina la mshambuliaji wangu nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo. Kumbe "prêt" hiyo hiyo ni mkopo! Nikamkopesha mfungaji wangu kwa timu nyingine msimu mzima. Sijawahi kulisahau hilo neno, na mwaka uliofuata nikalikuta kwenye karatasi ya benki ya mama mmoja mfanyabiashara nikalijua bila kuuliza mtu.

Au "charger". Kwenye gemu ni pale unapofungua ulipoishia jana, unapakia mchezo uliohifadhi. Nimelibonyeza kila jioni. Siku moja niko Kasindi nasikia wapagazi wanapigiana kelele "charger le camion, charger le camion" na kichwani ikawaka, kupakia! Ni neno lile lile! Wadau, ile furaha siwezi kuieleza, nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake ugenini.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya nifungue uzi.

Pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, ilikuwa moja inayofanya kazi vizuri. Kwa hiyo nacheza mimi, mdogo wangu anakaa pembeni anasubiri, na kwa kuwa mi ndo mkubwa na yaka (umeme wa kulipia kabla) nalipa mimi, nilikuwa nacheza muda mrefu kuliko yeye, nakiri. Baada ya miezi kama minne hivi nikaleta karatasi moja nyumbani nikae nayo polepole. Mtoto akaja nyuma yangu akaisoma yote. Yote! Na mi nimeshika hiyo pedi mara tatu kuliko yeye.

Nilidhani ni akili ya utoto, watoto wanashika haraka. Ila ikanikaa nikaenda kutafuta, na nikakuta kuna watafiti walilifanyia kazi jambo hili hili, ripoti ilitoka mwaka 2010, mkubwa wao anaitwa Jonathan deHaan. Walichukua wanafunzi 80 wa chuo kikuu huko Japan wakawakalisha wawili wawili, mmoja anacheza gemu ya muziki ya Kiingereza dakika 20, mwenzake anaangalia tu kwenye skrini nyingine mchezo ule ule. Halafu wakawapima maneno. Wote walishika maneno ila aliyeangalia alikumbuka mengi kuliko aliyecheza, tena kwa mbali. Sababu ni kwamba anayecheza kichwa chake kimejaa, vidole, mpira, adui, saa inakwenda, nafasi ya neno inabaki ndogo. Anayeangalia hana mzigo huo, macho yake yako huru kusoma. Na wiki mbili baadaye walipopimwa tena wote walikuwa wamesahau mengi, hapo napo pana somo lake.

Yaani nilivyosoma hivyo nikawaza vile vyumba vya gemu vya huku kwetu, Kasese mjini, Kampala, Mbarara, kote. Wawili wanacheza, kumi wako kwenye benchi wanasubiri zamu, na watu wote tunasema wale wa kwenye benchi wanapoteza muda. Kumbe kama gemu ingekuwa kwa lugha wanayoitafuta, darasa ni lile benchi!

Basi tukabadilisha utaratibu nyumbani. Mmoja anashika pedi, mwingine anashika daftari. Mwenye daftari ndo bosi, akisema simama, gemu inasimamishwa, anaandika sentensi nzima sio neno peke yake, tunabahatisha maana wote wawili kwanza, tukishindwa ndo tunaangalia kamusi ya kwenye simu. Dakika kama 20 tunabadilishana. Na asubuhi kabla ya chai tunafunika upande mmoja wa daftari tunaulizana ya jana na ya wiki iliyopita. Hii ya asubuhi msiiruke, ndo dawa ya ule usahaulifu wa wiki mbili.

Na sauti iwe Kifaransa na maandishi ya chini nayo Kifaransa. Ukiweka maandishi ya Kiingereza macho yanakimbilia pale, sikio linalala.

Mchangiaji (Mbale)

Asante kwa uzi ndugu. Mimi ni mzazi, nina kijana yuko S3 na nina wasiwasi mkubwa. Huyu wangu anacheza ya kupigana risasi mtandaoni usiku na mchana, bando zangu zinaisha, na Kiingereza alichokitoa huko ni matusi matupu. Mpaka bibi yake amemsikia. Sasa wewe unaniambia nimwache aendelee?

Mleta uzi

Hapana mama (kama ni mzee naomba unisamehe), sisemi hivyo kabisa. Gemu zinatofautiana sana. Ile ya risasi mtandaoni inataka wepesi wa vidole, maneno ni machache na yanayosikika ni ya wenzake waliokasirika, ndo maana amerudi na matusi. Inayofundisha ni ile yenye hadithi, ambayo ukisimama dakika tano kusoma hakuna anayekuua.

Sisi iliyotusaidia kuliko zote inaitwa Soldats inconnus, kwa Kiingereza inajulikana kama Valiant Hearts, ilitoka 2014, imetengenezwa huko huko Ufaransa, Montpellier, chini ya Ubisoft. Ni vita kuu ya kwanza ya dunia. Kuna mkulima mzee, Émile, na mkwe wake Karl ambaye ni Mjerumani, anafukuzwa Ufaransa anaenda kuvalishwa sare ya upande wa pili, kwa hiyo baba mkwe na mkwe wako majeshi mawili yanayopigana. Wahusika wenyewe hawaongei sana, wanaonyeshana picha, ila kuna msimulizi anasoma taratibu, sauti safi, na unaokota vitu njiani kila kimoja kina maelezo yake ya historia. Mdogo wangu alilia mwishoni mwa ile gemu. Alilia kwa Kifaransa, nawaambia ukweli, maana hakuna mtu aliyemtafsiria. Hapo ndo nilijua lugha imeingia.

Na mzee wetu aliyekuwa jeshini tulimwita aone sehemu ya mahandaki, akakaa na sisi usiku mzima.

Mchangiaji (Nakawa, Kampala)

Naomba nipinge kidogo. Sisi wa zamani tulicheza Winning Eleven, ile gemu ya mpira, ya Kijapani miaka na miaka. Menyu yote Kijapani, mtangazaji Mjapani anapiga kelele, na sisi tulikuwa tunajua kila kitu, wapi pa kuanza mechi, wapi pa kubadilisha mfumo, wapi pa kutoa mtu, gizani unaweza. Niulize leo neno moja la Kijapani. Sina hata moja. Sasa hiyo nadharia yako iko wapi?

Mleta uzi

Mkuu umegusa penyewe na nashukuru sana, maana mimi pia nimepita huko. Sisi tulikariri MAHALI, hatukukariri neno. Mstari wa tatu kutoka juu ndo kuanza mechi, basi, kidole kinajua njia kama punda anayejua nyumbani. Halafu maandishi yenyewe hatukuweza hata kuyatamka, huwezi kubaki na neno ambalo mdomo haujawahi kulisema. Na mpira tulikuwa tunaujua tayari, hatukuhitaji kuelewa chochote ili tushinde.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, je unaweza kushinda hii gemu bila kuelewa? Kama unaweza, haitakufundisha. Ndo maana hata kwenye ile ya mpira, mechi zenyewe zilinipa maneno machache tu, "but" (goli), "hors-jeu" (kuotea), "gardien" (kipa), "mi-temps" (mapumziko), na nikayazoea nikaacha kuyasikia. Kilichonifundisha ni zile barua za bodi na mikataba, kule usipoelewa unafukuzwa kazi.

Nyongeza, kuna ile The Sims, gemu ya kuendesha maisha ya watu nyumbani kwao, watu wanaisifu kwa maneno ya vitu vya nyumbani na ni kweli maandishi yake yanasaidia, ila msije mkakaa mnasikiliza wale watu wanavyoongea, ile ni Simlish, lugha ya kubuni, haipo duniani.

Mchangiaji (Fort Portal)

Mimi nafundisha Kifaransa sekondari. Nimesoma uzi wote na nimefurahi, ila naomba niongeze kama mwalimu. Wanafunzi wangu wanaotoka kwenye gemu nawajua siku ya kwanza. Msamiati wanao mwingi kuliko wenzao, wakisikia hawaogopi, ila vitenzi hawavinyambui. Sababu ni menyu. Menyu za Kifaransa zimeandikwa kwa kitenzi kisichobadilika, "continuer" (kuendelea), "charger" (kupakia), "quitter" (kutoka), na mtoto anaongea hivyo hivyo, "moi continuer", yaani "mimi kuendelea". Je hili ulilipata?

Mleta uzi

Mwalimu shikamoo. Nililipata sana tu! Nilikuwa naelewa nikisoma lakini nikifungua mdomo ni kama mtu anayetupa mawe, neno, neno, neno. Tulichofanya, mwenye daftari alianza kutangaza kinachofanyika kwenye skrini kama mtangazaji wa mpira, "il ouvre la porte, il prend la clé, il tombe", yaani anafungua mlango, anachukua ufunguo, anaanguka. Polepole mwanzoni, baadaye kwa kasi. Halafu tukiishia tunasimulia upya yaliyotokea kwa wakati uliopita, hapo ndo vitenzi visaidizi "être" (kuwa) na "avoir" (kuwa na) vilitutoa jasho. Sarufi yenyewe niliisoma kwenye kitabu cha S1 cha jirani, gemu haikunipa.

Na kuna mengine mawili gemu haikunipa naomba niyaseme kwa uwazi. La kwanza ni heshima. Wanajeshi kwenye hadithi wanaitana "tu", yaani wewe ya marika, ya heshima ni "vous", na mimi nikaenda Kasindi nikamwambia mama mmoja mtu mzima wa Butembo "tu veux combien", yaani unataka ngapi. Alinitazama, akanijibu kwa Kiswahili, "Mtoto yangu, mama unamwambia vous." Niliona aibu sana, sisi tumelelewa mkubwa anasalimiwa kwa adabu, na kumbe nilimuongelesha kama rika langu. La pili ni hesabu. Gemu za Ufaransa 70 ni "soixante-dix" na 90 ni "quatre-vingt-dix". Wakongo wanasema "septante" na "nonante", walivyoachiwa na Wabelgiji. Mtu anakutajia bei na wewe uko na nambari nyingine kichwani. Kwa hiyo ukishajifunza kwenye gemu lazima ukawasikilize watu wenyewe, mimi nilikuwa na bahati watu wenyewe wako ng'ambo ya daraja.

Mchangiaji (Nakawa, Kampala)

Hapo kwenye kukariri mahali umenimaliza mkuu, nakubali. Swali, vipi kama una mtu pembeni anayejua lugha anakutafsiria? Si ndo haraka zaidi? Sisi huku kwenye vibanda vya filamu VJ, yule msimulizi anayeongea juu ya filamu, anatafsiri kila kitu kwa Kiganda na watu wanaelewa vizuri sana.

Mleta uzi

VJ nawaheshimu sana, ile ni sanaa ya kwetu kabisa na watu wamefurahia filamu ambazo wasingezielewa. Ila angalia, umeangalia filamu ngapi za Kichina chini ya VJ na una maneno mangapi ya Kichina? VJ anakupa hadithi, sauti ya asili anaifunika. Tulikuwa na rafiki mmoja Mkongo akija jioni anatafsiri kabla hata hatujasoma, ana nia njema kabisa, na zile jioni daftari lilibaki tupu. Tukamuomba kwa upole akae kimya mpaka tubahatishe kwanza, ndo aseme mmepata au mmekosa. Akawa msaada mkubwa sana baada ya hapo hasa kwenye matamshi.

Mchangiaji (Arua)

Sisi wengine hatuna PS wala tivi, tuna simu tu na data ni ghali, tangu ile kodi ya asilimia 12 ya mwaka 2021 mtu unahesabu kila MB. Tunafanyaje? Na Kiswahili je? Mpwa wangu yuko S1, Kiswahili ni lazima kwao S1 na S2 tangu mtaala mpya wa 2020, na huku mtaani wanaongea Kilugbara, hana pa kukisikia.

Mleta uzi

Kwa simu tafuta gemu za maandishi, ndogo na hazili data. Kuna moja inaitwa Lifeline ya mwaka 2015, unalipia kidogo mara moja, ina Kifaransa. Mtu anaitwa Taylor chombo chake kimeanguka kwenye mwezi wa mbali huko angani, anakutumia meseji kama za kawaida tu na wewe unachagua jibu moja kati ya mawili, na ukichagua vibaya anakufa. Anakutumia muda wowote, uko sokoni, uko kwenye boda, simu inalia. Meseji fupi fupi na lugha ya watu wanavyoongea kweli. Mwenye kompyuta aitafute Aurion, ya 2016, hiyo imetengenezwa Yaoundé Cameroon na Kiro'o Games, Kifaransa kipo na hadithi ni ya Kiafrika, mfalme ananyang'anywa kiti siku ya harusi yake.

Zile kubwa kama Genshin Impact zina sauti za lugha nne, Kichina, Kijapani, Kikorea na Kiingereza, kwa anayetaka lugha hizo ni hazina, lakini data yake utaisikia.

Kiswahili ndo kinaniuma. Kila gemu nikifungua orodha ya lugha naangalia kama kipo, na hizi nilizotaja zote sijakiona, na watu wanaokiongea ni mamilioni mangapi. Mpwa wako kwa sasa mfanyie hivi, acheze gemu yoyote yenye hadithi, wewe ukae na daftari, na akusimulie kwa Kiswahili kila kinachotokea. Neno asilolijua aulize. Sio gemu ya Kiswahili ila mdomo utafanya kazi. Kama humu kuna vijana wanaojua kutengeneza gemu naomba mlisikie hili, watoto wa S1 wa Uganda nzima wanawasubiri.

Mchangiaji (Mbale)

Mama ndiye mimi, usijali mwanangu. Nimeelewa. Hiyo sidii ya Kifaransa nitaijuaje dukani nisiuziwe ya Kiingereza?

Mleta uzi

Geuza kasha uangalie nyuma, lugha zimeandikwa pale. Zilizotoka Ulaya mara nyingi zina Kifaransa, Kijerumani, Kitaliano na Kihispania humo humo. Kama mashine ni PS4 ingia kwenye mipangilio yake ubadilishe lugha ya mashine yenyewe, gemu nyingi zitafuata, na kwenye simu ni hivyo hivyo. Ijaribu hapo hapo dukani kabla hujatoa hela. Na ukifika nayo nyumbani mama, wewe ndo ushike daftari, mwachie yeye pedi. Mwambie simama pale unapoona neno zuri. Usiogope kwamba hujui Kifaransa, mwenye daftari ndo anayetangulia.

Mdogo wangu yuko hapa pembeni, anasema mwenye swali la Soldats inconnus aliweke atamjibu mwenyewe. Ila sasa hivi zamu yake ya pedi imefika, kwa hiyo mi nachukua daftari.